Kutembelea makumbusho madogo ya pwani ukitokea Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila likizo ya Disemba inapokaribia huulizwa maswali yaleyale. Wanaouliza ni walimu wa historia, wazazi wenye watoto wa sekondari, na vijana wa Jinja na Kampala ambao Mombasa ya ufukweni wameshaiona na sasa wanataka kuijua pwani yenyewe. Majibu nimeyakusanya hapa. Pwani ninayoizungumzia ni ile ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na hasa makumbusho yake madogo: nyumba moja, vyumba vinne au vitano, na mtunzaji mmoja mwenye shada la funguo. Hayo ndiyo niyapendayo, na upendeleo huo sitauficha.

Uganda haina bahari. Makumbusho ya pwani yananihusu nini?

Yanakuhusu kuliko unavyodhani. Itazame kanzu anayovaa mjomba wako siku ya kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba. Ilipanda kutoka pwani. Lisikilize neno ensimbi, ambalo leo kwa Kiganda ni pesa. Zamani lilikuwa jina la kauri, yale makombe madogo ya baharini, na kauri hazizaliwi ziwani. Zilibebwa kichwani kwa miezi kutoka Bahari ya Hindi hadi masoko ya Buganda. Mganda anayesema ekitabo, essaawa au emmeeza anatumia mzigo ulioletwa na misafara hiyohiyo.

Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suna II katika miaka ya 1840, na anayekumbukwa zaidi ni Ahmed bin Ibrahim, aliyefika mwaka 1844. Walileta nguo, shanga na bunduki. Waliporudi walichukua pembe za ndovu, na walichukua watu pia. Mutesa I, mwana wa Suna, alikijua Kiswahili, na kwa miaka kadhaa alifunga Ramadhani. Msafiri Stanley alipopita Buganda mwaka 1875 alimwachia Mutesa kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, ili amsomee Kabaka Maandiko. Kwa hiyo kabla ya mmisionari yeyote wa Ulaya kupiga kambi Buganda, aliyekuwa akifundisha Biblia pale ni Mwafrika aliyepitia shule ya Zanzibar. Mambo haya tuliyasoma shuleni kama mistari ya kukariri. Ukienda pwani utaona yalikotoka.

Barabara hii ina ncha mbili. Moja iko Wamala, alikozikwa Suna, na Kasubi, alikozikwa Mutesa. Nyingine iko Bagamoyo, Zanzibar na Mombasa. Watu wengi wa kwetu wameiona ncha moja tu.

Nina siku chache. Nikichagua sehemu moja, iwe ipi?

Bagamoyo, Tanzania. Iko kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, na daladala zinafika.

Anzia kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Makumbusho yake yako ndani ya nyumba ya zamani ya masista. Yamejaa picha, minyororo, vyombo vya nyumbani, na habari za kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Katika misheni hiyo mwili wa David Livingstone ulilala usiku mmoja mwezi Februari 1874. Watumishi wake Chuma na Susi, na wenzao, walikuwa wameubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia.

Kwa mtu wa Uganda kuna jambo jingine zaidi. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, ulianza safari Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Padri Lourdel, ambaye sisi tunamwita Mapeera, na Bruda Amans walifika Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Kila mwaka watu huenda Kigungu kuhiji na kusali pale walipotia nanga. Mwenye kuijua Kigungu akasimama tena chini ya miembe ya Bagamoyo, akatazama njia ya kwenda bara, huelewa kwa mwili wake umbali wa miezi minane ni kitu gani.

Toka misheni uende Caravan Serai, mahali misafara ilipokusanyika, wapagazi wakapewa mizigo na ujira. Halafu panda bodaboda hadi Kaole, kilomita chache kusini, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Pana chumba kidogo cha maonyesho hapo. Usikipite. Ndani mna vipande vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa palepale.

Utaelezwa maana ya jina Bagamoyo, na huenda ukapewa maana mbili. Wengine husema ni mahali pa kubwaga moyo kwa furaha, mpagazi alipofika mwisho wa safari. Wengine husema ni mahali mtumwa alipouacha moyo wake kabla ya kuvushwa bahari. Zisikilize zote mbili, kwa sababu njia ileile ilipitwa na mpagazi na mtumwa.

Rabai ni wapi? Mbona watalii wengi hawaitaji?

Rabai iko kwenye vilima nyuma ya Mombasa, na unafika kwa matatu ukipitia Mazeras. Hawaitaji kwa sababu haina bahari wala hoteli kubwa. Ina kanisa, nyumba chache za zamani, na makumbusho madogo yenye jina la Krapf. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo Rabai. Yeye ni miongoni mwa waliotangulia kukiandikia Kiswahili kamusi na sarufi kwa herufi za Kirumi. Rebmann alitoka hapo mwaka 1848 akauona Kilimanjaro, akaandika kwamba juu yake kuna theluji, na Ulaya wakambishia.

Mimi Rabai naipenda kwa sababu ya William Jones. Alikuwa ameokolewa utumwani, akasomeshwa, na mwaka 1885 Askofu James Hannington akampa ushemasi. Mwaka huohuo alisafiri katika msafara wa Hannington kuelekea Uganda. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na mizigo, alisubiri, akapata habari, akawakusanya watu waliobaki na kuwarudisha kwa miguu hadi Rabai. Waliingia wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa "Ikabodi", yaani utukufu umeondoka.

Sisi tunalijua la Busoga. Kule Mayuge watu huenda kusali alipouawa. Lakini nyumba ambamo wake wa wapagazi walikuwa wakisubiri, na kilima ambacho bendera ile ilionekana ikipanda, viko Rabai. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi, na msichana mmoja wa Iganga akauliza, "Kwa hiyo wao walitusubiri sisi?" Sikuwa na jibu la haraka.

Na Lamu? Si mbali mno?

Ni mbali, lakini inastahili. Usiende Lamu kwa siku moja. Kama huna siku tatu, iache hadi mwaka mwingine.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu bado wanaishi ndani yake kama walivyoishi wazee wao. Magari ni machache mno. Mizigo hubebwa na punda. Makumbusho yote unayafikia kwa miguu. Makumbusho ya Lamu yenyewe yako mbele ya bahari. Humo mna siwa, zile baragumu kubwa za heshima zilizopulizwa katika sherehe za watawala na za koo kubwa. Mna mifano ya mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na viti vya enzi vyenye nakshi. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 hivi, ilikuwa jela hadi miaka ya 1980. Sasa watoto wa mji huja kusoma katika maktaba yake. Kuna pia nyumba ndogo iliyokuwa posta ya Wajerumani kati ya 1888 na 1891. Dakika ishirini zinatosha.

Pa kukaa kitako ni Nyumba ya Waswahili, iliyo ndani ya vichochoro. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyorudishwa katika hali yake. Unaingia kwa daka, barazani ambapo mgeni alipokelewa bila kuingia ndani. Unapita kiwanda, yaani ua wa katikati, halafu misana miwili mirefu, na mwisho ukuta wa zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu, vilivyowekewa sahani na vitabu. Ukifika bafuni, chungulia birika la maji. Walifuga samaki wadogo humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwambie mtunzaji akuonyeshe mbuzi ya kukunia nazi na akueleze kila chumba kilikuwa cha nani. Hapo ndipo utafahamu kwamba nyumba hii ilijengwa kwa kufuata heshima: mgeni anaishia wapi, mwanamke anapita wapi bila kuonekana, maiti anaoshewa wapi. Ukitoka, kila nyumba ya mji utaitazama kwa jicho jingine.

Zanzibar je? Nasikia Jumba la Maajabu limeanguka.

Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakafariki. Usipange safari kwa ajili ya jumba hilo bila kuulizia kwanza hali yake.

Mji Mkongwe una mengine. Nenda kanisa kuu la Kianglikana, Mkunazini, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kando yake kuna maonyesho ya historia ya biashara hiyo, yaliyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Ulizia pia habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844, akatoroka na kuolewa na Mjerumani. Kuna makumbusho madogo yake, na mwanamke yeyote aliyelelewa katika nyumba ya amri nyingi atakaa humo muda mrefu.

Ngome ya Yesu, Gedi, Malindi: niyapite?

Ngome ya Yesu si makumbusho madogo, lakini ukiwa Mombasa ingia. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaifanya jela. Humo mna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Gedi nenda asubuhi. Ni mji uliohamwa kabisa kufikia karne ya 17, ukafunikwa na msitu, na tangu 2024 uko katika orodha ya UNESCO. Malindi panda hadi nguzo ya Vasco da Gama kwa ajili ya upepo. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, ni magofu ya karne ya 14 na 15 yaliyo ufukweni kabisa, na mara nyingi utakuwa peke yako.

Kilwa ni kubwa mno kwa safari ya kwanza. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mji ule mwaka 1331, na magofu yake yako kisiwani. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko baada ya kupata kibali ofisini. Ipe safari yake peke yake.

Nifikeje kutoka Kampala?

Kwa pwani ya Kenya, panda basi la usiku kupitia Busia au Malaba hadi Nairobi, kisha treni ya SGR hadi Mombasa, saa tano au sita hivi. Kata tiketi mapema, maana Disemba hujaa. Kwenda Lamu, unapanda basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, halafu boti. Ulizia kwanza hali ya usalama wa barabara hiyo. Kwa Bagamoyo na Zanzibar, mabasi ya Dar es Salaam hupitia Mutukula, na safari ni ndefu, pumzika njiani.

Kama unapita Busia, simama Kisumu. Makumbusho ya Kisumu yana boma zima la Kijaluo ndani ya uwanja wake, na mji wenyewe una kisa kinachotuhusu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda, na ilipogusa ziwa mwishoni mwa 1901, Kisumu ilikuwa bado sehemu ya Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902. Wanaoshangaa kwa nini reli isiyofika Uganda iliitwa ya Uganda, jibu ni hilo.

Nahitaji hati gani?

Kuingia Kenya, raia wa Uganda anaweza kutumia kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania na Zanzibar chukua pasipoti. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tena ile halisi, si picha kwenye simu. Nimewahi kuona familia nzima ikitolewa kwenye foleni ya mpakani kwa sababu kadi ya mtoto mmoja ilibaki Mukono.

Kiingilio ni kiasi gani?

Bei hubadilika, kwa hiyo sitaji kiasi. Jambo la kukumbuka ni kwamba makumbusho ya serikali ya Kenya yana viwango vyao vya raia wa Kenya, wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na tofauti kati ya cha kwetu na cha mgeni wa mbali ni kubwa. Sema mapema kwamba unatoka Uganda na onyesha kitambulisho. Malipo ya Kenya siku hizi hupitia simu au kadi, kwa hiyo usifike na noti peke yake. Tanzania pia uliza kama kuna kiwango cha Afrika Mashariki. Daima chukua risiti: fedha ikiandikwa ndipo mtunzaji anapopata hoja ya kuomba paa lizibwe.

Kiswahili changu ni cha Uganda. Hawatanicheka?

Watatabasamu, na hiyo si dhambi. Ukisema "kitu yangu", mzee wa Lamu atasikia bara yote ndani ya maneno mawili. Hata hivyo atafurahi kwamba hukumwanzia Kiingereza.

Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu najua linatoka wapi. Watu wengi wa umri wangu walikisikia Kiswahili kwanza kwenye kizuizi cha barabarani: toa kitambulisho, kaa chini, nyamaza. Kilikuwa lugha ya mwenye bunduki, na wengine wakakiona ni lugha ya wezi. Serikali ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini moyo wa mtu hauongozwi na baraza la mawaziri. Kilichonibadilisha mimi ni ajuza mmoja pwani, aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba iliyo karibu na makumbusho. Aliniambia, "Karibu mwanangu, jua kali, kaa kivulini." Nikagundua kwamba maishani mwangu mwote sikuwahi kupewa kivuli kwa Kiswahili. Nenda usikie lugha hii ikitumika kubembelezea mtoto. Sarufi itakufuata baadaye.

Kuhusu adabu: mkubwa mwambie shikamoo, naye atakuitikia marahaba. Salamu ya Kiislamu, assalaam alaykum, hupokelewa vizuri kila mahali. Mlangoni piga hodi hata kama mlango uko wazi. Usiulize bei kabla ya kuuliza habari. Mtu wa Uganda hili halimpi tabu, kwani hata kwetu salamu ni ndefu. Na saa ni zilezile: wakisema wanafungua saa mbili unusu, wana maana ileile ya essaawa bbiri n'ekitundu.

Nivae nini? Ijumaa na Ramadhani vipi?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Mama, leso moja mkobani itakufaa msikitini, kanisani na kwenye jua. Ijumaa mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane, usitegemee kuhudumiwa. Ramadhani makumbusho hayafungwi, ila usile wala kunywa hadharani, na usimchoshe mwongozaji anayefunga kwa matembezi ya alasiri. Mgeni wa Ramadhani mara nyingi hualikwa futari. Kubali.

Lazima nimchukue mwongozaji?

Katika makumbusho madogo, mwongozaji ndiye makumbusho. Kibandiko kitakwambia "mtungi, karne ya 19". Mtunzaji atakwambia mtungi huo ulitoka nyumba gani, kwa nini waliutoa, na nani aligombana na nani. Mchukue yule wa mahali penyewe, mwenye kitambulisho, na mkubaliane malipo mapema kwa uwazi. Wale wanaokufuata njiani wakijitia waongozaji, washukuru na uendelee.

Muulize maswali yako wewe. Wengi wamezoea wageni wa Ulaya na wana hotuba yao tayari. Mwambie, "Mimi natoka Uganda, nionyeshe kilichotoka kwetu." Mara mbili nimeona hotuba ikikatika hapo, mzee akafikiri, kisha akafungua kabati ambalo halikuwa katika mzunguko wa kawaida.

Naweza kupiga picha?

Uliza, kila chumba. Watu usiwapige picha bila ruhusa, hasa wanawake wa Lamu waliovaa buibui.

Nimefika, mlango umefungwa. Nifanyeje?

Kaa. Mara nyingi mtunzaji yuko msikitini, au ameenda kununua samaki. Uliza duka la jirani, watajua. Mahali pamoja nilisubiri chini ya mwembe karibu saa mbili. Alipofika mtunzaji akaniomba radhi, akachemsha chai ya tangawizi, na tukakaa hadi magharibi. Kundi lililokuwa na ratiba ya dakika arobaini lilikwisha kuondoka. Kwa hiyo usipange makumbusho matatu kwa siku. Moja asubuhi, basi.

Watoto wangu waone habari za utumwa?

Kuanzia miaka kumi hivi, nadhani ndiyo, lakini usiwaingize bila kuwaandaa. Pale Mkunazini kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wakiwa na mnyororo wa enzi zile. Mtoto akiuona anauliza maswali ambayo mzazi anapaswa awe ameshayafikiria.

Na mzazi wa Uganda ana la ziada la kusema, wala asilikwepe. Si wageni peke yao walioifanya biashara hii. Majeshi ya Buganda yaliteka watu Busoga na Bunyoro, na baadhi yao wakabadilishwa kwa nguo na bunduki. Nimesikia mzazi akimwambia mwanawe kwamba haya walitufanyia Waarabu, akaishia hapo. Mtoto yule alikuwa na bibi Msoga. Anastahili kuelezwa kisa kizima, na pwani ni mahali pazuri pa kukieleza, kwa sababu ushahidi uko mbele ya macho yake. Baadaye mpeleke Kengeleni, Mombasa, akaione kengele ya Freretown, kijiji cha waliookolewa kilichoanzishwa miaka ya 1870. Aone pia kwamba watu walianza upya.

Ninauziwa kitu cha kale sokoni. Ninunue?

Hapana. Kama ni cha kale kweli, kimetoka kwenye kaburi, gofu au nyumba ya mtu aliyebanwa na shida, na kukivusha mpaka kunaweza kukuingiza kesini. Pembe za ndovu, magamba ya kasa na makombe makubwa viache kabisa. Nunua kofia iliyodariziwa kwa mkono, mkeka, au kazi ya seremala wa Lamu anayechonga mbele yako.

Msimu gani mzuri?

Epuka mvua za masika, Aprili na Mei. Disemba hadi Machi ni kaskazi, jua kali na bahari tulivu. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma, hewa ni nzuri ila mashua huyumba. Sisi tuliozoea hewa ya Kampala joto la pwani hutuelemea; tembea asubuhi, lala mchana.

Nauli sina. Nifanye nini mwaka huu?

Anzia ncha ya kwetu. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia Kitante mwaka 1954, yana ala za muziki ambazo bado hupigwa. Nenda Wamala kwa Suna, halafu Kasubi. Nyumba kuu ya Kasubi iliungua mwezi Machi 2010 ikajengwa tena kwa nyasi na mikono ya koo zenyewe. Nenda Kigungu. Nenda Mpumudde, Jinja, alikofia Kabalega, mfalme wa Bunyoro, mwaka 1923 akirejea kutoka uhamishoni Ushelisheli. Yeye na Mwanga walipelekwa huko kwa njia ya pwani, wakiwa wafungwa. Nauli yote hii haifiki ya basi moja la Nairobi, na ukimaliza utakuwa na maswali ya kwenda nayo Bagamoyo.

Nyumbani tuna vitu vya babu aliyefanya biashara na watu wa pwani. Tuvipeleke wapi?

Swali hili hunijia zaidi kutoka Kampala ya zamani, Bombo na Jinja. Kwanza msivisafishe. Kutu na vumbi ni sehemu ya habari zake, na brashi ya nyumbani imeharibu vingi. Viwekeni pakavu, mbali na jiko. Kisha mkae na mtu mzima zaidi katika ukoo, mumrekodi kwa simu: kitu hiki kilikuwa cha nani, kilipatikana wapi, kilitumika lini. Andikeni majina kwa ukamilifu. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu msizikunjue kwa nguvu. Zipigeni picha jinsi zilivyo.

Baada ya hapo nendeni Makumbusho ya Uganda na picha zenu, muombe ushauri. Kuonyesha si kutoa. Mnaweza kurudi navyo nyumbani siku hiyohiyo. Ila huyo mzee arekodiwe wiki hii, kabla ya shughuli nyingine yoyote.